Bomba Juu ya Nyumba ya Faustina

Ikongwa, kengele ya kanisa ikilia kwa ajili ya marehemu, kila mashine inazimwa hapo hapo. Hakuna anayengoja debe la mahindi limalizike kwenye kinu. Nililijua hilo siku ile ile niliyofika. Nilikuwa nimeshuka Nyololo kutoka kwenye lori la viazi lililotoka Uyole, nikapanda milima kwa miguu hadi nikasikia kinu kinanguruma, nikajisemea, penye kinu hapakosi kibarua. Kabla sijafika mlangoni kengele ikalia. Kinu kikanyamaza. Redio ya dukani ikanyamaza. Wanaume wakavua kofia, na mimi nikavua, ingawa marehemu sikumjua.

Nimetembea sana. Nimechimba dhahabu Chunya, nimepakia mizigo Uyole, nimelinda mashamba ya watu kuanzia Mbeya hadi Iringa mjini. Nimeona watu wakilia misiba kwa kila namna. Kijiji kinachozima umeme wake chote kwa mara moja ili maiti apite kimya, hicho nilikuwa sijakiona. Nikakipenda. Nikakaa.

Kibarua walichonipa ni cha kuondoa majani kwenye chujio la bwawa. Umeme wa Ikongwa ni wa maji, wameujenga wenyewe. Juu kuna bwawa dogo, na kutoka pale bomba la chuma linateremka kwenye mgongo wa kilima hadi bondeni ulipo mtambo. Umeme ambao watu hawautumii unapelekwa kwenye hita zilizozamishwa ndani ya tangi la maji, pembeni ya nyumba ya mtambo. Kijiji kikitumia sana, tangi linapoa. Kijiji kikizima, tangi linachemka. Na kule ni baridi kweli kweli, Juni umande unaganda kwenye nyasi, kwa hiyo wanawake wakiona mvuke bondeni wanashuka na ndoo kuchota maji ya moto. Hayo hayana mwenyewe.

Umeme ukizidi nguvu ya hita, au ukizirukia kwa ghafla kuliko zinavyoweza kuupokea, lango la maji linajifunga lenyewe, ili mtambo usikimbie kama punda aliyetua mzigo mteremkoni. Hapo ndipo penye hatari. Maji yaliyokuwa yanakimbia ndani ya bomba, ukiyafungia mlango ghafla, yanaupiga mlango, na bomba zima linalisikia pigo hilo.

Bomba lina kona moja kabla ya kushuka bondeni. Chini ya kona ile palikuwa na nyumba ya Faustina.

Faustina alikuwa mjane wa makamo, mwenye mabega mapana na maneno machache. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliochimba mtaro wa bomba, na sasa alikuwa amelala uani pale pale, chini ya miti ya misindano, pamoja na watoto wao waliotangulia wakiwa wadogo. Kila asubuhi Faustina alifagia makaburi kabla hajafagia mlango wake. Mimi alinipa chumba cha nyuma, kwa sharti la kupasua kuni.

Mwaka huo kijiji kilikuwa kinaletewa mashine ya kupasua mbao. Mashine ile ilitaka umeme mwingi, maana yake maji mengi zaidi ndani ya bomba. Wafadhili walioitoa walisema kwanza aje mhandisi apime. Swali lilikuwa moja, na kijiji kizima kililijua: umeme wote ukikatwa kwa ghafla, ile kona itastahimili? Kama haitastahimili, Faustina ahamishwe kwanza, ajengewe nyumba kule mgongoni.

"Mimi sihami," Faustina aliwaambia kamati. "Mnihamishe niwaache hawa na nani?"

Mhandisi alikuja akitokea Mbeya, binti mwembamba aliyejifunga ushungi, jina lake Asmaa, mtoto wa mzee Halfani anayeuza vipuri pale Uyole. Walipomtafutia pa kulala, Faustina akasema alale kwake, si ndiyo nyumba inayopimwa. Akamwita Idrisa mwenye duka aje amchinjie kuku, ili mgeni ale bila wasiwasi. Idrisa akamtania kwamba siku hizi kisu chake kimepata kazi, kabla ya hapo kilikuwa kinakata mikate tu.

Asmaa alikuwa na bomba lingine ndani ya kompyuta. Alinionyesha jioni ya kwanza, mistari na namba. Alisema lile la kompyuta linatakiwa litende vile vile linavyotenda hili la chuma, na yeye kazi yake ni kuhakikisha kama linasema kweli. Nilimuuliza atalihakikishaje. Akamgeukia Faustina aliyekuwa anapakua.

"Mama, ukinunua chungu sokoni, unakichaguaje?"

Faustina akamjibu, nakigonga kwa kidole nasikiliza.

"Basi hilo ndilo pigo," Asmaa akaniambia. "Unakigonga mara moja, unakiacha kiseme chenyewe. Na ukikifikisha nyumbani, mama?"

"Nakijaza maji nakiacha. Naangalia kama kitavuja."

"Na hiyo ndiyo tunaiita ngazi, babu, kama kupandishwa au kushushwa daraja moja. Unalitwika bomba mzigo kwa ghafla, au unalitua, halafu hurudishi. Unaangalia linavyoyumba na linapotulia. Nikiligonga bomba, na nikilitua mzigo, na kompyuta ikayumba sawasawa na chuma mara zote mbili, hapo naweza kuiuliza lile ninaloogopa kulijaribu."

Faustina akauliza kama kompyuta nayo hupasuka. Asmaa akacheka, akasema hiyo ndiyo faida yake.

Pigo lilifanyika kwanza. Bondeni kuna koki ya kusafishia bomba. Asmaa alifunga kipimo cha presha, akamwambia Anania, fundi wa mtambo, aifungue koki na kuifunga kama mtu anayepepesa jicho. Bomba likavuma chini ya viganja vyetu, mvumo ukapungua taratibu ukaisha. Akachora mstari wa chuma juu ya mstari wa kompyuta. Ilikuwa kama ndugu wawili wanaotembea njia moja. Lakini alipoiuliza kompyuta kuhusu mashine ya mbao, ikasema mzigo wote ukitoka ghafla, kona haitastahimili.

Usiku ule Asmaa hakula vizuri. Alimwambia Faustina kwamba bado kuna jaribio la pili, asikate tamaa. Faustina alikwenda kuomba.

Sasa sikilizeni jinsi jambo lilivyokuwa, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Kwa jaribio la pili Asmaa alitaka vinu vyote viwe vinasaga, kila nyumba iwe inatumia umeme wake, halafu Anania akate laini ya kijiji mara moja. Alimweleza Sosthenes, mwenyekiti wa kamati ya umeme, ambaye pia ni mzee wa kanisa na mwenye kinu kikubwa kuliko vyote. Na Ikongwa jambo halijawa jambo mpaka litangazwe kanisani. Basi Jumapili Sosthenes akasimama baada ya ibada, kwa upole wake ule ule, akasema kesho mhandisi wetu atakuwa na kazi na umeme, tumpe ushirikiano.

Asmaa ni Mwislamu, hakuwamo. Mimi nilikuwamo, na nilivyosikia ndivyo walivyosikia wote. Mgeni akija kutumia kisima chenu, mnafanyaje? Mnaondoa ndoo zenu mnampisha.

Asubuhi ya Jumatatu hakuna kinu kilichosaga. Kijiji kizima kilikuwa kimempisha mgeni.

Kule bondeni tulikuwa Asmaa, Anania na mimi. Kipimo cha laini ya kijiji kilikuwa kimeungua kwa radi tangu masika, kwa hiyo Asmaa alisoma kile cha jenereta, na jenereta ilikuwa imejaa kama kawaida. Umeme wote ulikuwa unakwenda kwenye hita. Tangi lilikuwa linatokota. Foleni ya wanawake ilikuwa imefika hadi njiani, wamebeba ndoo, wengine wameleta na mablanketi, na Faustina yumo. Walimtania Asmaa kwamba akipata mume Ikongwa hatakosa maji ya kuoga. Akawatania na yeye. Sote tuliuona ule mvuke, na Asmaa, kwa ugeni wake, alidhani tangi huwa hivyo kila siku.

Anania akakata swichi. Mstari wa presha ukanyanyuka kidogo, kama mtu anayestuliwa usingizini, ukalala.

Asmaa alitazama kioo cha kompyuta yake. Kompyuta ilikuwa imetabiri mnyanyuko mkubwa zaidi ya ule.

"Labda bomba letu ni gumu kuliko la kwako," Anania akasema.

Baadaye alipoulizwa kwa nini hakusema kwamba kijiji kimezima, Anania alijibu kwamba aliuona mvuke, akadhani ndivyo mhandisi alivyotaka. Nani amsomeshe aliyesoma?

Kwa hiyo Asmaa alikaa barazani kwa Faustina akaanza kulilegeza bomba la kompyuta. Akabadilisha namba hii, akabadilisha ile, mpaka mistari ya jaribio la pili ikalingana. Ikilingana hiyo, ya pigo inaachana. Akiirudisha ya pigo, ya pili inaachana. Aliniambia ni kama kusuluhisha mashahidi wawili, kila mmoja ameapa. Nikamuuliza anamwamini yupi. Akasema ngazi ni jambo zito, ndilo linalofanana na ajali yenyewe. Pigo ni jambo dogo, huenda koki ilikwama, huenda mkono wa Anania ulichelewa.

Sosthenes alikuja jioni. Hakumlazimisha, niseme ukweli. Aliuliza tu kama binti yetu amepata jibu. Faustina alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Kona itastahimili," Asmaa akasema. "Mama anaweza kukaa."

Faustina alipiga magoti pale pale uani, akashika udongo wa kaburi la mumewe. Idrisa aliitwa tena na kisu chake.

Mashine ya mbao ikaja, wakafungua maji zaidi. Ilikuwa na sauti mbaya, kama mnyama anayechinjwa vibaya, lakini vijana walipata kazi, na mimi kule juu nikawa na majani mengi zaidi ya kuondoa, maana bwawa lilivuta kila kitu. Mbao zilipangwa hadi barabarani.

Asmaa, aliyekuwa amekwenda zake Mbeya, alirudi bila kuitwa. Nilimkuta anapanda kutoka Nyololo na begi mgongoni, amekonda. Alisema pigo limemnyima usingizi. Kule Mbeya amelichora tena na tena, na kila anapolichora haoni koki iliyokwama, anaona bomba linalosema kitu kimoja kwa sauti safi. Amekuja kurudia.

Faustina alimpokea kama mtoto wa kumzaa. Alimwekea maji ya kuoga, na wakati anamimina akalalamika, kama wanawake wote walivyokuwa wakilalamika siku hizo, kwamba tangu mashine ya mbao ije tangi limekuwa baridi, ndoo ya moto imekuwa adimu.

"Si kama siku ile ya kipimo chako, mwanangu. Siku ile tulifua mablanketi ya mwaka mzima."

Asmaa alikuwa ameinama akifungua viatu. Hakuinuka.

"Siku ile maji yalikuwa ya moto kuliko siku nyingine?"

"Yalikuwa yanachemka. Si tulikupisha wote?"

Nilimwona akikaa chini kwenye udongo, na kiatu kimoja mkononi. Kisha akaniuliza taratibu, babu, siku ile vinu vilikuwa vinasaga? Nikamwambia havikusaga, tulitangaziwa kanisani tutoe ushirikiano. Akauliza tena, kama hakusikia. Nikarudia.

Alinieleza baadaye, akiwa ametulia kwa namna ya kutisha. Alidhani amelitua bomba mzigo wake wote. Kumbe mzigo ulikuwa umeshatuliwa kabla, na mikono ya watu wenye adabu, na yeye alichokata ni taa chache tu. Chuma kilijibu sawasawa na kile alichokiuliza. Yeye ndiye hakujua ameuliza nini. Halafu akaichukua kompyuta iliyokuwa inasema kweli, akaifundisha uongo.

Kesho yake alirudia, kwa uangalifu. Faustina alitolewa nyumbani. Maji yalipunguzwa hadi robo, mashine ya mbao ikazimwa, vinu vikasaga, na mimi nilizunguka kinu hadi kinu kuhakikisha. Anania akakata. Mstari ukanyanyuka, ukayumba, ukatulia, na ulilala juu ya mstari wa bomba lake la kwanza la kompyuta, lile la kabla hajalilegeza. Akarudia pigo. Nalo likalala pale pale. Mashahidi walikuwa wamepatana, na walichokisema wote ni kwamba kona haitastahimili.

Kamati ilikaa mchana huo kwenye darasa la shule. Asmaa alisimama akasema amekosea, akaeleza amekosea wapi. Hawakumfokea. Afadhali wangemfokea. Sosthenes alisema mwanadamu ni mwanadamu, nyumba ya Faustina itajengwa mgongoni, na mpaka ikamilike mashine ya mbao ifanye kazi asubuhi, vinu visage jioni, visiwe pamoja.

"Ianze leo," Asmaa akasema.

"Nitatangaza Jumapili."

"Mzee, leo ni Alhamisi."

"Binti yangu, nikipita mlango kwa mlango watasema Sosthenes anazuia vinu vya wenzake ili chake kisage. Kanisani watasikia wote kwa sikio moja."

Alikuwa anasema kweli. Nilikijua kijiji kile. Asmaa akauliza:

"Na kengele?"

Wajumbe wakageukia dirishani. Nje mashine ya mbao ilikuwa inalia, na vinu navyo.

"Mtu akifa mnazima vyote kwa mara moja. Hilo ndilo jaribio lenyewe. Mtalifanya mzigo ukiwa wote na maji yakiwa yote."

Mzee mmoja kutoka nyuma alisema haiwezekani mtu apasue mbao huku kengele inalia. Kijiji kitakuwa kimefikia wapi. Sosthenes akainamisha kichwa, akasema hilo nalo atalitangaza Jumapili, wazime kimoja kimoja, na Mungu ataelewa.

Jioni Asmaa alimbembeleza Faustina ahame usiku ule ule, aende hata kwa Idrisa. Faustina alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua macho.

"Ulisema bomba ni zima, nikapiga magoti. Leo unasema ni bovu. Kesho utasemaje?"

"Kesho nitasema hivi hivi. Nilikosea, mama."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Mwisho Faustina akasema sawa, Jumapili Sosthenes akitangaza, atahama. Hatahama kwa siri kama mwizi, na waliolala pale wakamwona anawakimbia. Asmaa akasema basi na yeye atalala pale pale. Faustina akamsogezea blanketi.

Ijumaa asubuhi niliteremka bondeni kwa Asmaa. Alikuwa amekwenda kumsihi Anania apunguze maji kidogo bila kusubiri tangazo, na Anania alikuwa anajikuna kichwa, anasema bila neno la kamati hawezi. Kipimo cha presha kilikuwa bado kimefungwa pale kwenye bomba tangu jana. Juu mgongoni tulisikia mashine ya mbao ikilia, na vinu chini yake, sauti moja nene.

Kisha kengele.

Mashine ya mbao ikazimwa katikati ya ubao. Vinu vikafuata, vyote, kwa heshima zote. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Asmaa alikwisha kugeuka, anakimbia kupanda kilima, ushungi umemdondoka. Nyuma yetu mtambo ukapandisha sauti, na lango likaanza kujifunga.

Bomba lililia mara moja. Mlio safi, kama wa chungu kilichogongwa. Kisha kona ikafunguka.

Nilikuwa bado chini, nikaona maji yanatoka meupe, yakawa mekundu kwa udongo, yakaichukua misindano, makaburi na nyumba, kwa mpangilio huo. Asmaa alikuwa amefika nusu ya njia. Alisimama. Hapakuwa na pa kukimbilia tena.

Tulimkuta Faustina chini ya ukuta wa jikoni. Kitenge cha msibani kilikuwa kiunoni, upande mmoja umeshafungwa. Alikuwa anajiandaa kwenda kulia na wenzake. Kengele ilikuwa ya mama yake Anania, ajuza aliyekuwa mgonjwa tangu mwaka jana, na Anania mwenyewe alilijua hilo akiwa ameshika koleo kwenye matope ya Faustina.

Alasiri Asmaa alishuka kuchukua kipimo. Hakuna aliyemtuma. Alikifungua, akakiunganisha na kompyuta, akaketi kwenye jiwe, na mimi nikasimama nyuma yake kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama. Mstari wa asubuhi ulipanda, ukafika juu, ukakatika pale bomba lilipopasuka. Akauita mchoro wake wa kwanza, ule wa mashine ya mbao. Ukaja ukalala juu ya ule mwingine, mpaka pale pa kukatikia, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuona kama ni miwili.

Sosthenes alikuwa amekuja nyuma yetu, kofia mkononi. Akauliza hiyo maana yake nini.

"Maana yake kompyuta ilisema kweli tangu siku ya kwanza," Asmaa akasema, "nikaikanya."

Sosthenes akageuka. Alipanda kurudi kanisani, na baada ya muda tukaisikia kengele ya Faustina. Ililia ikamaliza. Hapakuwa na mashine ya kuzima.

Wanawake walikuwa wanashuka na ndoo. Walihitaji maji ya kumwoshea, na miguu yao ilikuwa imezoea njia ile. Nilitaka kuwaambia wasijisumbue, mtambo umesimama tangu asubuhi. Wa kwanza alizamisha mkono ndani ya tangi, akauacha humo kidogo, akawageukia wenzake. Yalikuwa bado ya vuguvugu.